Faili Lililokataa Kufutika

Kila alipotoka shule, Chiriku alianza kwa kuvua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake, kisha akainama kuokota vipande vya karatasi vilivyotapakaa chini ya mashine ya kutoa kopi. Mama yake alikuwa mpiga chapa. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa ofisi: meza moja, kompyuta moja kuukuu, printa yenye tabia ya kutafuna karatasi, na benchi la wateja. Watu walimletea barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, matangazo ya harusi na ya misiba, naye akayachapa yote bila kuvitazama vidole vyake.

Jina la Chiriku alipewa na kaka yake, kwa kuwa msichana huyo alikuwa haishiwi maneno. Kaka mwenyewe alikuwa ameaga dunia miezi minane iliyopita, akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Aliugua moyo. Alilala kitandani miezi mitano, akafariki wiki tatu kabla ya mtihani wake wa mwisho wa sekondari. Tangu azikwe, hakuna mtu aliyemtaja wakati wa kula. Baba, ambaye alikuwa fundi bomba, alirudi kazini, na jioni akala huku ameinamia sahani. Mama alichapa. Chiriku, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alijifunza kusimulia mambo ya nje tu, yale yasiyomgusa mtu.

Ijumaa moja, mwenzake wa dawati alimvuta pembeni wakati wa mapumziko. Wanafunzi walimwita Miwani, maana miwani yake ilikuwa mikubwa kuliko uso.

"Nina flashi hapa," Miwani alinong'ona. "Ina katuni kumi na mbili za yule msichana mpelelezi. Lakini kesho asubuhi binamu yangu anaitaka flashi yake. Kwenu si kuna kompyuta?"

"Ipo."

"Basi zihamishie huko leo. Kesho tunakuja kuangalia, mimi na wale wa mstari wetu wote."

Chiriku aliipokea flashi ile kwa mikono miwili. Tangu msiba utokee, hakuna rafiki aliyefika kwao. Watoto waliogopa, hawakujua waseme nini, kwa hiyo walipita ng'ambo ya barabara. Sasa walitaka kuja, tena watano kwa mpigo!

Alipofika nyumbani, mama alikuwa amekwenda kupeleka mitihani aliyoichapa. Chiriku alichomeka flashi na kuanza kuhamisha katuni. Kidirisha kikatokea kwenye skrini: nafasi haitoshi.

Akatafuta cha kuondoa. Kazi za wateja hakuthubutu kuzigusa. Lakini kwenye pembe ya skrini kulikuwa na folda iliyoandikwa "Masomo", na ndani yake mafaili tisa ya sauti, makubwa ajabu. Aliyafahamu. Kaka alipoanza kuishiwa nguvu za kushika kitabu, alikuwa akijirekodi anaposoma siku aliyojisikia nafuu, ili siku mbaya alale macho yakiwa yamefumba na kusikiliza.

Chiriku alilifungua la kwanza.

"Sura ya kwanza," ilisema sauti ya kaka, karibu kabisa, kana kwamba amesimama nyuma ya kiti.

Akalifunga upesi.

"Ni masomo tu," alijiambia. "Nani atayasoma sasa?"

Aliyachagua yote tisa, akayafuta moja kwa moja bila kuyapitisha kwenye kapu la taka, kama walivyoonyeshwa shuleni, ili yasibaki yakijaza nafasi. Manane yalitoweka. La tisa likagoma. Liliitwa "Masomo 7". Kidirisha kilisema faili hilo haliwezi kufutwa kwa sababu limefunguliwa na programu nyingine.

Akajaribu tena. Likagoma tena. Ndipo akaona, chini kabisa ya skrini, programu ya kuchezea muziki ikiwa imekunjwa. Aliikunjua. Masomo 7 yalikuwa yamesimamishwa kwenye dakika ya kumi na mbili. Chiriku hakujiuliza ni nani aliyeyasimamisha pale. Aliifunga programu, akafuta, likagoma. Akaizima kompyuta, akaiwasha upya, akafuta kwa mara ya nne. Safari hii likaenda kimya kimya, kama vile halikuwahi kuwapo. Katuni zikaingia zote kumi na mbili.

Siku iliyofuata wenzake walikuja. Walibanana kwenye benchi la wateja, wakacheka mpaka Miwani akavua miwani kufuta machozi. Mama aliwaletea chai, akasimama mlangoni akiwatazama.

"Siku nyingi sijasikia kicheko humu ndani," alisema.

Chiriku alifurahi mno. Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumatatu.

Siku hiyo alipotoka shule alimkuta mteja benchini akitazama saa. Mama alikuwa mbele ya kompyuta, lakini hakuwa akichapa. Hedifoni zilikuwa zimemning'inia shingoni, naye alikuwa akisogeza kipanya huku na huku, akifungua folda na kufunga, akifungua na kufunga.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Chiriku, umeiona ile folda ya masomo? Iliyokuwa hapa pembeni?"

Chiriku aliinama kuokota karatasi chini ya mashine ya kopi. "Folda gani?"

"Ya kaka yako." Mama alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji. "Kila mchana mkiwa hamjarudi, nikifunga mlango nipumzike, nasikiliza kidogo. Ile ya saba. Anasoma, anasoma, halafu mimi nasikika jikoni namwita, 'Wewe, uji unapoa!' Naye anaitika, 'Nakuja, mama, dakika moja tu.' Anacheka. Anasema hivyo kama vile... kama vile anaweza kuinuka akaja." Akafuta uso kwa kiganja. "Ijumaa niliiacha hapohapo. Sasa haipo. Hakuna hata moja."

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa kwa nini faili lile lilikataa. Alitaka kusema. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini mteja alikuwa anamtazama, mama alikuwa anamtazama, na yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Labda ni kirusi, mama. Mwalimu alisema kuna virusi vinakula mafaili."

Uongo ule haukukaa mahali pamoja. Baba aliposikia habari za kirusi, Jumanne alirudi mapema na programu ya kuua virusi aliyopewa na mfanyakazi mwenzake. Waliiweka kwenye kompyuta. Ilikuwa programu kubwa. Ilizunguka, ikavuta nyongeza zake kwenye mtandao, ikazunguka tena. Ilipomaliza ilitangaza kwamba haikuona kitu.

"Basi si kirusi," mama alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Ni vidole vyangu hivi. Nitakuwa nimebonyeza mahali nisipopajua."

"Usijitese, mama watoto," baba alisema.

"Nijitese mara ngapi? Mtoto nilishindwa kumshika, na sauti yake pia nimeshindwa kuishika?"

Baba alitoka nje, wakamsikia akifungulia bomba la uani bila kuteka maji.

Jumatano mama hakuchapa kitu. Wateja walirudishwa. Alikaa kwenye benchi badala ya kwenye kiti chake, akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Chiriku alimpelekea chai. Aliikuta baadaye imejaa vilevile. Shuleni Miwani alimuuliza kulikoni, mbona siku mbili hana hadithi. Chiriku alisema kichwa kinamuuma, na kwa kweli kilimuuma.

Alhamisi alasiri alikuja fundi wa kompyuta. Alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye mkoba uliojaa bisibisi, mcheshi, aliyeitania printa kwamba inahitaji kupewa chakula cha mchana. Hakuna aliyecheka, akaacha utani. Aliketi, akatazama skrini kwa dakika kadhaa.

"Mama, hapa sioni dalili ya kirusi," alisema. "Mafaili haya yamefutwa kwa mkono. Na aliyeyafuta alihakikisha hayabaki kwenye kapu."

"Ni mimi," mama akasema. "Nimekuwa na mawazo mengi."

"Inawezekana. Lakini msikate tamaa. Kompyuta ikifuta kitu haikichomi moto. Inaondoa jina tu na kusema nafasi ile iko wazi. Sauti yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo ninahitaji kujua: yalifutwa lini, na tangu siku hiyo ni vitu gani vimeingizwa humu?"

"Sijui," mama alisema. "Sikumbuki kabisa. Nisamehe, mwanangu, sikumbuki."

Chiriku alikuwa amesimama karibu na mashine ya kopi. Kumwona mama yake akimwomba radhi mtu mgeni kwa kosa ambalo hakulifanya kulimshinda.

"Ni mimi!" alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Si mama. Niliyafuta mimi Ijumaa, saa tisa. Moja lilikataa, nikalilazimisha. Nilitaka nafasi ya katuni. Hakuna kirusi. Nilidanganya."

Baba, aliyekuwa ameegemea mlango, aliinua kichwa. Mama alimgeukia polepole. Chiriku alitamani agombezwe, apigwe kelele, lolote kuliko macho yale.

"Ahsante," alisema fundi, akigeuza kiti kumwelekea Chiriku. "Sasa niambie kila kitu, usiruke hata kimoja."

Chiriku alimwambia: zile katuni kumi na mbili, siku na saa, jinsi alivyoizima na kuiwasha kompyuta. Baba aliongezea habari za programu ya kuua virusi. Fundi aliposikia hiyo, alifumba macho kidogo.

"Hiyo ndiyo imeniharibia," alisema. "Imeandika vitu vingi mno. Kama ningeitwa Jumatatu, kabla haijawekwa... Haya, nitajaribu."

Aliizima kompyuta, akaichomoa diski yake, akaondoka nayo.

Jioni ile mama alimpikia Chiriku chakula kama kawaida na kumwekea sahani, lakini hakuzungumza naye. Ijumaa nzima pia hakuzungumza naye, isipokuwa kumwambia asisahau sweta. Usiku Chiriku alilia ndani ya mto, akijiziba mdomo.

Jumamosi asubuhi fundi alirudi na diski. Chiriku alijua jibu kabla fundi hajaketi, kwa jinsi alivyouweka mkoba chini taratibu.

"Nimepata matano yaliyo mazima," alisema. "Jingine moja limekatikakatika, lakini linasikika. Matatu yamekwenda."

"Na la saba?" mama aliuliza.

Fundi alitikisa kichwa. "Nimelitafuta sana, mama. Pale lilipokuwa pamekaa programu ya kuua virusi. Pole sana."

Mama alishika ukingo wa meza. Baba alimwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi Chiriku aliwaona wote wawili wakilia pamoja, bila kugeuziana migongo. Yeye alibaki amesimama, asijue kama anaruhusiwa kusogea.

Fundi alisubiri, kisha akafungua faili mojawapo ili kuhakikisha sauti inatoka vizuri. Kaka alianza kusoma habari za mito na mabonde. Baada ya muda mlango ulisikika ukigonga ukuta, na sauti nyembamba ikaingia mbiombio ikieleza jambo kuhusu mwalimu na chaki.

"We Chiriku!" kaka alicheka. "Nyamaza basi, narekodi." Kitabu kikasikika kikifungwa. "Haya, njoo ukae hapa. Ehe, mwalimu akafanyaje?"

Chiriku alichuchumaa chini, akaficha uso magotini. Alikuwa ameisahau kabisa siku hiyo.

Ndipo mama akaja akakaa naye sakafuni, kati ya vipande vya karatasi.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sitakudanganya kwamba haiumi. Inauma." Mama alivuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Kufuta ulifuta kwa kutojua thamani yake, na hilo lingeweza kumpata yeyote. Kosa lile lilikuwa na dawa. Ungeniambia Jumatatu, hata kwa kunong'ona, leo tungekuwa na ile ya saba. Kilichoitoa mikononi mwetu ni siku tatu za kusubiri ukweli. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Ukweli unaochelewa huja na mikono mitupu."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi pia nina langu," mama aliendelea. "Nilikuwa nafunga mlango ili nimsikilize peke yangu, kama vile alikuwa wangu tu. Ungejua, usingeyagusa. Tulimnyamazia humu ndani mpaka ukadhani tumemsahau."

Baba alijipangusa uso, akamwomba fundi amnakilie yale yaliyopona kwenye flashi tatu tofauti, moja ikae kwa shangazi. Fundi akaanza kazi. Mama hakuinuka. Alimvuta Chiriku akaegemea ubavuni mwake.

"Haya, niambie," alisema. "Siku ile, mwalimu alifanyaje na hiyo chaki?"

Chiriku alijifuta pua. Ilimchukua muda kupata pa kuanzia, na sauti ilimkatika mara mbili, lakini alisimulia.