Kiti cha Nyuma

Haya aliniambia Jepkemei mwenyewe, rafiki yangu wa Olenguruone, na yeye si mtu wa porojo. Mumewe, Mbugua, alikuwa amefiwa na mke wa kwanza, Wangeci, kayaki yao ilipopinduka Ziwa Naivasha. Jaketi ya kuelea ilikuwa moja. Wavuvi walimwona Wangeci akiondoka ufuoni ameivaa. Aliyerudi nayo mwilini ni Mbugua. Ungedhani mtu kama huyo ataliogopa ziwa lile. Wapi! Alimpeleka Jepkemei huko huko kutembea.

Kwanza walipita kwenye korongo, kuta zimebanana hadi mchana ukawa giza. Mchanga ulikuwa mkavu kabisa, lakini nyuma yao Jepkemei alisikia viatu vilivyojaa maji: chwa, chwa, chwa. Mbugua naye alisikia. Hakugeuka, aliongeza mwendo tu.

Walipofika ziwani, Mbugua akakaa kiti cha mbele, jaketi ameifunga vifungo vyote.

"Panda nyuma, bebi, twende!"

Jepkemei alikuwa bado anakung'uta mchanga viatuni. Kayaki ikadidimia kidogo upande wa nyuma, kisha ikaondoka.

"Kumbe una nguvu hivi!" Mbugua akacheka, macho mbele.

"Mbugua! Mimi niko huku!"

Kicheko kikakatika. Akageuza uso, akamwona mkewe ufuoni, kasia mkononi. Mikono ya Mbugua yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania kasia lake. Na juu ya maji yaliyotulia, Jepkemei akasikia vifungo vya ile jaketi vikifunguliwa, kimoja baada ya kingine, polepole.