Risiva Mbili za Masjala

Siku walipokutana, foleni ya masjala ilikuwa imefika mlangoni, na mausi ya karani ilikuwa imegoma. Fundi wa kompyuta akaja na shati la bluu lisilojua pasi, akaingia chini ya meza bila hata salamu. Akachomoa kile kidude cha USB kinachopokea ishara za mausi, akakihamishia tundu la mbele.

"Risiva umeificha huku nyuma kwenye bati, dada. Itakusikiaje?"

"Kumbe na vidude huona haya?"

"Mimi sioni."

Watu wa foleni wakacheka, na mausi ikatembea. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Miaka mitatu si mchezo. Karani alikuwa amechoka na mafaili, amechoka na viatu vyake vyeusi vya kazi, amechoka na simu za Jumapili za shangazi aliyemlea: "Huyo fundi wako anatengeneza nini hasa?" Fundi naye alikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao, macho mekundu kwa kazi, na kila akiulizwa habari za ndoa alijibu, "Kesho, mpenzi." Karani alishalichukia hilo neno "kesho".

Asubuhi moja fundi alikusanya kibodi zao mbili zisizo na waya, kila moja na risiva yake, zote za aina moja, akazifuta vumbi, akazirudisha. Baada ya muda mfupi maneno yakaanza kujiandika kwenye skrini ya karani, naye hajagusa kitu.

"Naomba kuhamishiwa tawi lingine kwa sababu"

Yakakoma. Nyuma ya mbao, kibodi ya fundi nayo ikanyamaza. Karani akayasoma mara mbili. Akachukua simu.

"Kumbe unanikimbia."

"Nani kakwambia?"

"Barua yako. Ninayo hapa kwenye skrini."

Fundi akainama kutazama risiva. "Lo! Ndiyo maana kwangu haitoki hata herufi. Nimechomeka risiva yangu kwako, yako kwangu. Usiichomoe, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Nimechoka mimi."

"Najua. Soma tu, halafu unitukane."

Fundi akakata simu. Kibodi ikaanza kugonga tena, polepole, na barua ikaendelea mbele ya macho ya karani:

"nataka kumuoa karani wa masjala, na ofisi hii hairuhusu mume na mke kufanya kazi tawi moja. Tawi lenyewe ni saa mbili kwa basi. Barua hii nimeikwepa mwaka mzima, maana nikiipeleka sitamsikia tena nyuma ya mbao. Ila akikataa, sihami."

Karani akajifuta macho kwa ukingo wa kitambaa chake cha kichwa. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Watakuwa wanaonana wakiwa hoi, mmoja anasinzia mwingine akivua viatu. Alimpenda mtu huyu, na alichoka zaidi kumngoja kuliko ambavyo angechoka kumpokea.

Akavuta kibodi yake, akaandika. Kwenye skrini yake hakikutokea kitu. Upande wa pili kiti kikalia, kisha fundi akasoma kwa sauti iliyokatikakatika, foleni nzima ya asubuhi hiyo ikisikia:

"'Peleka barua. Shangazi yupo nyumbani Jumapili. Ukija, hilo shati lipige pasi.'"