Taa Isiyotiwa Mafuta

Mtunza taa aliikuta imezimika alfajiri, akapiga ukelele ulioamsha ikulu nzima. Usidhani ni taa ya kuwashwa kwa kibiriti. Hiyo taa ndiyo ufalme wenyewe: ikiwaka, chemchemi zinatoa maji, ikizimika, zinakauka. Jua halijapanda, wanawake walikuwa getini na ndoo tupu.

Akaitwa mpelelezi. Watu walimwita Kupe, kwa kuwa akishika haachii. Alikuwa mjane, na tangu mumewe afe hakuna aliyepita kwake hata kumwomba chumvi.

Kupe alisimama kizingitini akatazama. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kitambaa kilichotumika kuzima utambi kilikuwa kimetupwa katikati ya sakafu.

"Uliukuta hivihivi?"

"Hivihivi, afande," mtunza taa akajibu. "Jana niliufunga mwenyewe. Mlango huu hata paka akipita naufunga. Ufunguo hukaa kwenye msumari pale nje, kila mtu wa ikulu anajua."

Wazee wa baraza walishamaliza upelelezi wao. Ni mdogo wake mfalme, nani mwingine? Taa ikizimika mfalme ameanguka, na anayefuata ni yeye. Adhuhuri watamnyonga. Kamba ilishaletwa, maana kwa kazi ya namna hiyo wazee wale hawachelewi.

Kupe akamwita kijana huyo. Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake, akaketi.

"Unautaka ufalme?"

"Niutakie nini, afande? Kaka alivikwa taji meno ya utotoni hayajamng'oka. Tangu hapo hakuna aliyemgusa. Kinyozi aliteleza kidole kikamgusa shavu, mkono mzima ukakauka kama kuni! Sasa mama anakata roho, daktari kasema hafiki jioni. Mimi namshika mkono, kaka anasimama mbali anatazama. Ufalme gani huo?"

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa mama, namkanda miguu. Muulize muuguzi."

Muuguzi alikubali. Wazee wakasema kahongwa. Ukimtaka mbaya wako, hukosi la kusema.

Kupe akaomba kuonana na mfalme, bila watumishi. Mfalme akaja, akapita. Mlango ukabaki wazi nyuma yake, upepo ukiupigapiga. Alijifuta jasho kwa leso, kisha akaiachia ianguke bila kuitazama.

"Mtukufu," Kupe akasema, "mtunza taa hufunga mlango. Mdogo wako, na kifo kikimsubiri, alifunga mlango. Humu ndani yupo mmoja tu asiyejua kufunga mlango wala kuokota alichoangusha, maana siku zote yupo wa kumfanyia."

Mfalme aligeuka akautazama mlango, ndiyo kwanza auone.

"Nilitaka kumshika mama kabla hajaondoka," akasema. "Basi. Nilidhani taa ikizimika mimi si mfalme tena, na mguso wangu hauui."

"Watamnyonga mdogo wako."

"Nini? Sikujua, naapa! Nimejificha chumbani tangu alfajiri. Hata kwa mama sijaenda. Naogopa, afande. Je, kama bado naua?"

Kupe akanyoosha mkono.

"Usinikaribie!"

"Hebu tuone."

Vidole vya mfalme vilimgusa kiganjani. Mkono haukukauka. Waliendelea kushikana, muda mrefu kuliko ushahidi ulivyohitaji, na Kupe akalia bila kuona haya.

Mbele ya baraza, mfalme alikiri mwenyewe. Wazee wakaificha kamba haraka, wakampigia magoti yuleyule waliyetaka kumnyonga. Ama kweli! Wakamwomba aiwashe taa, kwani huwashwa na kiganja cha mwenye damu ya kifalme tu, na akishaiwasha amekuwa mfalme. Kaka yake hangeweza tena, maana taa haimwakii mfalme aliyeanguka. Kijana akachungulia getini, akawaona watoto wakilamba ndoo. Aliweka kiganja juu ya utambi. Moto ukashika, na nje watu wakapiga vigelegele kwa ajili ya maji.

Kaka mtu hakusikia. Alikuwa chumbani kwa mama yake, amemkumbatia mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mbona baridi hivi, mwanangu?" mama akanong'ona. "Umekula?"

Aliubusu mkono ule. Mama akauinua mkono wake wa pili, akaunyoosha kuelekea mlangoni, aliposimama mfalme mpya.

"Na wewe njoo, kitinda mimba wangu."

Kijana akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Nipo, mama," akasema. "Nakuona."