Betri ya Nne

Vidole vyao vilikutana juu ya pakiti ya mwisho ya balbu ndogo za tochi, kwenye kibanda cha Maame Pokuwaa sokoni Kejetia, Jumamosi ambayo hata sindano isingepata pa kupita.

"Samahani dada, mimi nimeishika kwanza," alisema kijana mrefu mwenye shati la bluu lililonyooshwa barabara.

"Umeishika huku unanitazama mimi," Dufie alimjibu. "Mkono wako haukuwa na habari na balbu."

Maame Pokuwaa alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaipasua pakiti, balbu tatu huku, tatu kule. "Haya, nendeni mkagombane mbele, mnanizibia wateja."

Kumbe walikuwa chuo kimoja cha ualimu, wote fizikia, mwaka wa mwisho. Ntim alikuwa amehamia muhula huo kutoka Tamale. Kufikia mwezi wa pili wakawa chanda na pete, wakila kelewele, zile ndizi za kukaanga zenye pilipili, kwenye karatasi moja, na Ntim akiuliza maswali. Kwa nini pilipili inaunguza ilhali haina moto? Kwa nini mafuta yanalia ndizi ikitumbukizwa? Dufie alimpenda kwa sababu alikuwa akiuliza, kisha ananyamaza kusubiri jibu. Wanaume wa namna hiyo ni wachache, tusidanganyane.

Ukaja mtihani wa kufundisha kwa kompyuta. Mmoja alisimama kama mwalimu, wenzake wakajifanya wanafunzi wa sekondari. Desturi ilikuwa moja, ingawa haikuandikwa popote: rafiki yako anakuuliza swali ulilomwandalia. Dufie alimpa Ntim lake kwenye kikaratasi.

Siku yenyewe alivaa gauni la kitenge cha manjano na viatu vya kisigino. Projekta ikawaka, saketi ikatokea ukutani, na kila alipoongeza betri, taa iling'aa zaidi. Darasa likapendezwa. Ntim akanyoosha mkono.

"Madam, umefika betri ya kumi. Mbona taa haiungui? Ya kweli si ingekuwa imeshaungua?"

Hilo halikuwa swali la kwenye kikaratasi. Dufie aliigeukia projekta. "Kwa sababu... programu hii ni nzuri," alisema, na darasa zima likaangua kicheko.

Dakta Antwiwaa, mhadhiri wao, aliandika mstari mmoja: *Amefundisha kompyuta, hakufundisha sayansi. Arudie baada ya wiki moja.* Kufeli tena kulimaanisha kurudia mwaka mzima.

"Umeniaibisha makusudi," Dufie alimwambia nje.

"Mpenzi, nilitaka kujua tu. Ningekuwa mwanafunzi kweli..."

"Lakini wewe si mwanafunzi. Wewe ni mtu wangu. Au ulikuwa?"

Kwa siku nne Ntim alipiga simu na Dufie akaiacha iite. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na uchungu, maana mtu anayekupenda ndiye anayejua pa kukuchoma.

Ila swali lile halikumwacha alale wala ale. Jumapili, baada ya kanisa, akiwa bado na nguo zake nyeupe, alizitoa zile balbu tatu za Kejetia. Akaiunganisha balbu moja na betri moja, kisha mbili. Ya tatu, taa ikawa kali kupita kiasi. Akaongeza nyingine. Taa ikamweka mara moja, ikazima kabisa.

Alikaa akiitazama, kisha akachukua simu.

"Ya nne," alisema.

"Ya nne nini?" Sauti ya Ntim ilikuwa na hofu.

"Betri. Balbu imeungua kwenye ya nne."

Ntim akauliza taratibu, "Ulikisia ngapi?"

"Sita."

"Mimi nilidhani tano. Dufie, nisamehe. Nilipaswa kukunong'oneza kabla ya darasa."

"Nimekusamehe. Ila swali lilikuwa zuri, mshenzi wewe. Njoo na balbu zako."

Siku ya kurudia, Dufie hakuwasha projekta kwanza. Aliwataka wote waandike: taa itaungua betri ya ngapi? Kisha akaonyesha saketi ya ukutani, isiyoungua kamwe. Kisha akaunganisha ya kweli mezani. Ilipozima, darasa likanyanyuka vitini.

"Sasa niambieni," alisema, "kompyuta imetuficha nini?"

Walibishana dakika kumi. Dakta Antwiwaa aliifunga kalamu yake. "Umefaulu. Kuna swali la mwisho?"

Mkono wa Ntim ulinyanyuka.

"Madam, wazee wangu wakija kugonga mlango kwenu kukuposa, na chupa zao za kinywaji, watafunguliwa?"

Darasa likamgeukia. Hata Dakta aligeuka.

Dufie alichukua chaki, akampelekea mpaka kwenye meza yake.

"Darasani kwangu hatupewi jibu kabla ya kukisia. Andika, unakisia nini?"

Ntim akaandika juu ya meza: *Watafunguliwa.*

Dufie akalisoma, akalisoma tena.

"Haya," alisema. "Walete tujaribu."