Kadi Mezani, Mtandao Unasoma

Jua lilikuwa linazama pale mtafsiri alipowasha kompyuta ya marehemu mumewe ili amtumie mteja tafsiri aliyoihifadhi kwenye flashi. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa imekufa asubuhi. Hii ilirudi jana tu kutoka kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeibeba siku ya mazishi bila kuaga, akakaa nayo mpaka alipofuatwa.

Ilikuwa na mifumo endeshi miwili. Ukiiwasha inakuuliza: Windows au Linux? Mumewe alikuwa akitania kwamba ni wake wenza waliowekwa chumba kimoja, wanagombea kadi ya mtandao. Mmoja akienda kulala anaizima, mwenzake akiamka analia hana mawasiliano.

Ndivyo ilivyokuwa jioni hiyo. Linux ikagoma: kadi imezimwa. Dawa yake aliijua. Akarudi Windows, akaingia kwenye mipangilio, akaiwasha kadi. Mitandao ya Wi-Fi ya majirani ikajipanga kwenye kioo.

Na mmoja mgeni, juu ya yote, nguvu zimejaa.

BABA YUPO NYUMBANI.

Akadhani ni mzaha wa jirani asiye na haya. Hakuugusa. Kisanduku cha nywila kikafunguka chenyewe.

*Jina la mtoto la nyumbani?*

Kisha herufi zikaanza kuingia. Polepole. Moja... moja... Mikono yake ilikuwa mapajani.

MALAIKA. *Si sahihi.*

KIPENZI. *Si sahihi.*

Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi.

Binti yao alikuwa na jina la ndani ambalo halikutamkwa mbele ya mgeni, hata awe ndugu. Mumewe ndiye aliyeshikilia hivyo. Alisema katika ukoo wao kuna watu ambao wakilijua jina ambalo mtoto huliitikia usingizini, humwita nalo, na mtoto huinuka akaenda. Enzi zile mtafsiri alimcheka.

Akaizima kadi. Ikajiwasha. Akaizima kompyuta yenyewe, akaipindua, akafungua skrubu, akaing'oa kadi, kijidude kidogo kama kipande cha biskuti. Akaiweka mezani. Akaiwasha tena mashine ile isiyo na kadi.

Mitandao ya majirani ilikuwa imepotea yote. Ule mmoja bado ulikuwa unasoma.

KIFARANGA. *Si sahihi.*

Nywele zikamsimama. Jina la kweli la binti yake nalo lilikuwa la ndege.

Nyuma ya hofu ikapanda hasira.

"Wewe si mume wangu," akanong'ona. "Angekuwa yeye, asingebahatisha."

Herufi zikasimama.

Simu ikalia. Shemeji yake.

"Shemeji... samahani kwa usumbufu." Aliongea kama mtu anayesomewa maneno sikioni. "Hivi yule mtoto... pale nyumbani mlikuwa mkimwitaje?"

"Nani anayeuliza?"

Zikasikika pumzi mbili, na hazikuwa za mtu mmoja.

"Nipe tu, shemeji. Nilimwahidi. Nikimpa jina, ataniachia."

"Uliahidi kumpa mtoto wa kaka yako?"

Alikuwa analia.

"Basi mwambie huyo aliye nyuma yako," mtafsiri akasema, taratibu, kama anayetafsiri mbele ya hakimu. "Jina hilo mume wangu kafa nalo, na mimi nitakufa nalo. Akilitaka aje kwangu, anitazame usoni. Aache kupapasa milango ya watu kama kibaka."

Akakata.

Kisanduku kikafungwa. Jina la mtandao likafifia. Akachukua waya, akaunganisha kompyuta na simu yake, akaituma kazi ya mteja yote, imekaguliwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hangempa yule ushindi wa kumharibia hata jioni.

Kisha akaenda chumbani. Binti yake alikuwa sakafuni, anapaka rangi mchoro wa nyumba. Dirisha lilikuwa wazi. Harufu ya udongo huku ilikuwa kali zaidi.

"Mama, Baba alikuja."

"Alikuja wapi?"

"Hapo dirishani."

Walikaa ghorofa ya nne.

"Akasemaje?"

"Akaniuliza mimi naitwa nani." Mtoto akabadilisha rangi. "Nikamwambia, Baba analijua. Kama hulijui, nenda kwenu."

Mtafsiri akapiga magoti, akamkumbatia kwa nguvu.

"Alikasirika," mtoto akasema begani kwake. "Akasema basi, anarudi kwa Baba Mdogo."

Mtafsiri akafunga dirisha, akashusha komeo. Akampigia shemeji yake. Simu ikapokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

Ilisikika pumzi tu... na sasa ilikuwa moja, wala haikuwa ya shemeji yake.

"Nakusikia," mtafsiri akasema.

Wala hakukata simu.