Jina Lililofungwa

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma, karakana ya friji.

Nyundo, mkuu wa genge, alichora mlango sakafuni kwa chaki.

"Kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI. Mchana wahudumu wanakwenda kula. Tunabeba laptopu. Ndani mna majina ya watu wazito. Wote watatulipa tufunge midomo."

Dereva alicheka. Fundi, mtengeneza kompyuta, hakucheka. Dada yake, mke wa Dereva, alikuwa akichukua dawa pale kwa siri. Mumewe hakujua. Fundi ndiye pekee aliyeambiwa, tena kwa machozi. Aliingia kwenye dili kwa sababu moja: awe wa kwanza kuzifungua laptopu hizo, afute jina la dada.

Saa saba mchana.

Nyundo alimsukumia mlinzi chooni na kumfungia. Fundi akazoa laptopu tatu. Dereva aliondoa gari hata milango haijafungwa.

Saa tisa.

Fundi alitoa diski ya kwanza, akaichomeka kwenye mashine yake. Herufi ovyo ovyo. Ya pili, vilevile. Ya tatu.

"Wamesimba kila kitu," alisema. "Bila ufunguo wao, hata mimi sisomi neno. Hivi ni vyuma tu."

Moyo ulimtulia. Akatabasamu bila kujua.

Nyundo aliuona uso ule.

"Tumekula hasara, wewe unachekelea? Unamlinda nani?"

"Simlindi mtu."

Nyundo aliukandamiza mkono wa kulia wa Fundi mezani, akainua spana. Kidole kimoja. Cha pili.

"Dada yangu!" Fundi alipiga yowe. "Dada yangu yumo humo!"

Spana ilisimama hewani. Dereva aliinuka taratibu.

"Dada yako yupi, shemeji?"

Fundi alikuwa na dada mmoja tu.

Dereva alichukua funguo, akatoka. Gari likaunguruma, likapotea.

Nyundo alitema mate, akabeba laptopu akaziuze kama spea. Fundi alibaki sakafuni. Alipiga simu kwa mkono wa kushoto.

"Mdogo wangu! Umekula?"

"Dada, toka humo ndani. Nenda kwa jirani, sasa hivi. Shemeji anakuja. Amejua."

Nyuma ya dada maji yalikuwa yakichuruzika bombani, na hakuna aliyeyafunga.

"Kliniki waliniapia," alisema dada. "Waliniapia hakuna atakayeona. Nani amemwambia?"

Fundi alifumba macho.

"Mimi, dada."