Kinywa cha Mpima Maji

Bomba la maabara lilikohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima, na lilikuwa limefungwa. Mpima maji akacheka peke yake.

"Kumbe hata wewe una mafua."

Mezani palikuwa na chupa za maji ya kisima kipya, kilichochimbwa na shemeji wa mbunge nyuma ya kiwanda cha ngozi. Sumu ilikuwa tele. Mkurugenzi aliingia bila kubisha hodi.

"Dada, mheshimiwa anazindua kesho. Andika maji ni salama."

"Bosi, watu watakufa!"

"Una binti anasoma. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi?"

Akaandika. Alipogonga muhuri, chumba kikanuka tope, na kitu cha baridi kikamteleza kooni kama funda la maji, ilhali hakuwa amekunywa kitu.

Wiki ya tatu watu walianza kuzikwa. Jirani aliyefiwa na mume akamshika mkono. "Shoga, wewe ndiye mpimaji. Yale maji yana nini?"

Akafungua kinywa aseme ukweli. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila tamu kuliko yake: "Ni salama kabisa." Alijaribu kuandika, kalamu nayo ikaandika hayohayo.

Akamkimbilia mganga. Mzee yule aliweka sikio kwenye koo lake, akajivuta nyuma haraka.

"Ni jini la kisimani," akanong'ona. "Mwanangu, mimi natoa majini yaliyovamia. Hili ulilikaribisha kwa mkono wako. Sina uwezo nalo."

Alirudi nyumbani jua la utosi, akakuta mtaa mzima ukishangilia mabomba yaliyounganishwa asubuhi ile na kisima kipya, na jikoni binti yake, bado na sare za shule, ameshika glasi iliyojaa pomoni, naye akataka kuruka aipige ile glasi ivunjike vipande, lakini miguu ilikwenda polepole, kwa madaha, kama ya mgeni aliyeshazoea nyumba.

"Mama, shuleni wanasema haya maji yanaua. Kweli?"

Ndani kabisa, mahali ambapo hakuna aliyemsikia, mama alipiga kelele mpaka akahisi roho inachanika. Mkono wake ukampapasa mtoto kichwani.

"Waongo hao," kinywa kikasema. "Kunywa, mwanangu."

Binti akamtazama, akatabasamu, akanywa.